Swali Moja la Mama Hodi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Askofu, Mchungaji wetu, Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya huduma ya watoto, wazee wa kanisa, kina mama wa maombi, wanakwaya mlioimba mpaka kipaza sauti kikazimika, ndugu wageni waalikwa, na zaidi ya wote wewe, Mama yetu unayestaafu leo: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, na wote kwa pamoja, Bwana asifiwe!

Mshereheshaji ameninong'oneza nisizidishe. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kutwa nzima nimefunikwa uso na siongei na mtu. Maneno yote yaliyonijaa nitayatolea wapi kama si hapa, mbele ya watu waliokwisha kukaa na mlango umefungwa?

Nimeombwa nimsifu Mama huyu. Wengi tunamwita Mama Hodi, na yeye anajua, asijifanye kushangaa. Kwa nini Mama Hodi? Kwa sababu katika miaka yote aliyosimamia huduma hii hajawahi kupiga hodi akiwa nje. Unamkuta katikati ya sebule yako, kashafunua sufuria, kashachungulia, ndipo anasema, "Hodi humu!" Baba Askofu, naona hata wewe unacheka. Basi umeshatembelewa.

Mimi nilimfahamu kupitia vitanda. Vitanda vyote vya bweni la huduma nilivichomelea mimi. Dada yangu alipofariki, wapwa zangu wawili, wa kiume na mdogo wake wa kike, wakapelekwa kwenye bweni hilo hilo, maana ukoo mzima ulinitazama, bachela wa chumba kimoja, ukatikisa kichwa. Haukupita muda, vitanda vikaanza kuvunjika. Tena si vyote, ni vile tu walivyolalia wapwa zangu. Naitwa, nachomelea, nakaa nao kidogo, naondoka. Kinavunjika. Naitwa tena. Jina langu likaanza kuchafuka. Mwenyekiti, ambaye sasa hivi anaangalia viatu vyake, aliniuliza mbele za watu, "Fundi, unatuchomelea kwa mate?" Nikaleta chuma kinene cha kubeba trekta. Kikavunjika.

Ni Mama Hodi aliyenivuta pembeni. Akasema, "Fundi, chuma chako hakina ubaya. Hawa watoto wanapanda juu, wanaruka mpaka kikatike, kwa sababu wamegundua kitanda kikivunjika mjomba anakuja. Sasa wewe utachomelea mpaka lini?"

Nililia, ndugu zangu. Sioni haya kusema.

Nikaomba nipewe watoto niishi nao, kamati ikakaa. Mwenyekiti akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, mtu asiyejua kuchemsha chai atalea vipi watoto wawili? Mama akajibu, "Atafundishwa. Kama tumeweza kuwafundisha hawa wazee kuimba sauti ya nne, hakuna kinachotushinda." Huduma ikanisaidia kupata chumba cha pili, kina mama wa maombi wakawa wanakuja kwa zamu kunisimamia jikoni, wengine kwa upole, wengine kwa makelele, na nikapewa watoto kwa majaribio. Neno hilo la majaribio lilininyima usingizi, maana nikishindwa, wanarudi bwenini.

Na Mama akaanza kuja. Je, alikagua shuka? Hapana. Aliuliza wamekula nini? Wala. Kila akija ana swali moja tu: "Mmeshagombana?"

Nami najibu kwa fahari, kifua mbele: "Aa wapi, Mama! Hawa ni malaika. Nikiwapa uji, asante mjomba. Nikiwatuma, mbio. Huyu mdogo hata nikimkanyaga mimi, yeye ndiye anayeomba radhi!"

Mama anashusha pumzi, anachukua mkoba wake, anaondoka kichwa chini. Sasa mlitaka mimi nifikirie nini? Nikaona amani haijamtosha, nikaongeza. Nikawa natembea kwa kunyata ndani ya nyumba ninayolipia kodi. Mpira ukiwa redioni nazima, nisije nikashangilia nikawatisha. Kila asubuhi napiga magoti: "Bwana, humu ndani pasitokee ugomvi." Nimekuja kujua baadaye kwamba muda huo huo Mama naye alikuwa amepiga magoti kwake, anaomba, "Bwana, wagombane." Baba Askofu, siku moja utatufafanulia maombi ya namna hiyo yakifika huko juu yanapangwaje.

Ikafika wiki ambayo kamati ingekaa kuamua. Asubuhi moja nikaunguza uji. Haikuwa mara ya kwanza; uji wangu ulikuwa na rangi yake. Kaka mtu akanywa kimya kimya. Yule mdogo akakitazama kikombe, akakisukuma mpaka uji ukamwagika mezani, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia:

"Siutaki! Kila siku umeungua! Kwani wewe mjomba huna pua?"

Jamani! Na mimi nilikuwa nimeamka vibaya. "Utakunywa!"

"Sinywi!"

"Hapa ni kwangu!"

"Na kwangu pia!"

Akaingia chumbani akabamiza mlango, ukuta ukatikisika. Sijapata hata pumzi, nasikia nyuma yangu: "Hodi humu!"

Nikajua yamekwisha. Uji mezani, mwiko mkononi, mtoto analia ndani, na msimamizi wa huduma amesimama sebuleni. Nikaanza kujitetea. "Mama, tumegombana, lakini si kawaida yetu. Nakuomba, usiwachukue."

Akauliza taratibu, "Amekataa uji?"

"Amekataa."

"Na amekujibu?"

"Amenijibu, Mama. Nisamehe."

Mama Hodi akatupa mkoba kwenye kiti, akapiga vigelegele. Vigelegele, ndugu wageni waalikwa, watu hawajanawa hata uso! Jirani akaja mbio akidhani nimepata mchumba.

Kisha akanikalisha, akaniambia, "Fundi, mtoto anayeogopa kurudishwa hupokea kila anachopewa na kushukuru. Siku zote hizi walikuwa wageni wako, wanakuchunga usije ukawachoka. Leo huyu amenuna, kwa sababu amejua kwamba hata akinuna, kesho ataamka hapa hapa."

Mbele ya kamati alitoa taarifa fupi kuliko zote alizowahi kutoa: "Wamegombana vizuri sana." Mwenyekiti akauliza ugomvi ulihusu nini. Mama akasema, "Hapa ni kwa nani." Wakapitisha watoto wabaki kwangu.

Nawauliza, nani mwingine angeliona hilo? Wengi wetu tungetazama blanketi na sufuria, tungeridhika na asante za watoto, tungepiga picha tukaenda zetu. Nyinyi walezi mliopokea watoto hivi karibuni, nawaona pale mbele mnatabasamu, na watoto wenu wamekaa wima kama askari. Msijisifu bado. Vumilieni, wapendeni, na siku mlango utakapobamizwa, mshukuruni Mungu, halafu mkemeeni aliyeubamiza.

Mama, umetufundisha wengi kuwa familia, nami nakupenda, nasema bila kuzunguka. Unaondoka ofisini ukiwa na wasiwasi na sisi, nakujua. Basi nikupe taarifa ya mwisho. Yule mdogo, ambaye sasa ananizidi maneno, amekaa safu ya tatu na hataki kunitazama. Leo asubuhi amekataa gauni nililomnunulia kwa ajili ya sherehe yako, akasema ni la kizee, tukavutana mpaka getini, na amekuja na la kwake. Nenda kapumzike, Mama. Kwetu hatujambo.

Nawashukuru kwa kunivumilia hata nilipozidisha. Mungu awabariki.