Harambee Niliyokataza Mbuzi

Wapendwa, Mungu amekuwa mwema kwangu, na nitalisema hilo mbele yenu nyote. Nimeandika maneno haya kwanza, nikayafuta, nikayaandika tena, maana mimi ni mtu asiyeweza hata kuanika nguo bila kuzipanga. Mnacheka, na ni sawa. Hayo ndiyo maradhi yangu, na ndiyo yaliyonifikisha nilikofika.

Wengi wenu mnaijua ile nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, hapa Siakago, ambayo marehemu baba aliifanya makumbusho. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku za Jumamosi alizunguka boma kwa boma akiomba vitu vya wazee: mizinga ya nyuki, vibuyu, vigoda, ngozi za kulalia. Watu walimpa bure, ila wakamwambia vikae mahali pakavu. Alipofariki aliniachia ufunguo na ahadi hiyo. Kazi hii sikuisomea popote. Nilijifunza peke yangu, kwa kusoma kwenye simu na kwa kukosea.

Mabati yalikuwa yameoza. Kila mvua ilipokuja nilihamisha vitu kutoka pembe moja hadi nyingine kama mtu anayekimbiza vifaranga. Ndipo kamati ya makumbusho ikakubali tuite harambee ya kuezeka upya.

Ndugu zangu, mimi niliwaza wageni wakubwa. Niliwaza wafanyabiashara wa kahawa kutoka Githongo, watu wa ofisi, mgeni rasmi mwenye tai. Wanakamati walipouliza mbuzi watafungwa wapi, nikasema hakutakuwa na mbuzi. Wala kuku, wala ndengu, wala mtama. Mchango ni kwa simu pekee. Niliogopa kinyesi kwenye ua nilioufagia mwenyewe, na kelele za mnada. Mwenyekiti akaniambia polepole, "Mtoto wetu, huku pesa hutembea kwa miguu minne." Wenzake wakacheka. Mimi nikaenda kubandika tangazo langoni.

Siku yenyewe viti vilinyooka vizuri sana, na vingi havikukaliwa. Watu wa Githongo walituma salamu tu, kahawa ilikuwa imeiva na wachumaji hawangojei. Walimu wachache walikuja, na jamaa zetu. Tulichopata hakikutosha mabati ya chumba kimoja. Nami, kwa uchungu, nilishika kipaza sauti nikasema kwamba watu wa hapa hawajali mambo ya babu zao. Wengine mlinisikia. Nililisema.

Mvua ilipokuja nilikuwa nimeenda Embu kutafuta turubai. Niliporudi, paa la chumba cha nyuma lilikuwa chini. Viondo, vile vikapu vya kusukwa, vilikuwa vimelowa vikaachana nyuzi. Ngozi zilikuwa zimevimba, zinanuka kama mzoga. Siku zilizofuata watu walianza kuja kuchukua vitu vyao vilivyopona. Mzee mmoja alichukua kigoda cha baba yake. Alikipangusa kwa shati lake mwenyewe, akakikumbatia, akaenda. Afadhali angenitukana.

Nilifunga mlango nikakaa nyumbani. Mama alikuwa ananiita kwa jina langu la utotoni, na mimi sikuitika. Mfanyabiashara mmoja wa makaa alitaka nyumba ile iwe ghala lake. Nikamwambia aje tuandikiane.

Kabla hajafika, alikuja mama mzee anayekaa upande wa barabara ya Kiritiri, ambaye sisi sote tulimwita cucu, yaani nyanya. Alikuwa akivuta mbuzi kwa kamba. Nilimjua. Yeye ndiye aliyempa baba ngozi ambayo mama yake mzazi alilalia. Nilipiga magoti pale uani nikamwambia imeoza.

"Nilijua," akasema. "Siku ya harambee nilikuja. Nilifika langoni na huyu, nikasomewa tangazo lako. Nikarudi naye."

"Cucu, si ungeingia tu?"

"Niingie na nini? Na mikono mitupu?"

Akanieleza kwamba hakuwa peke yake. Njiani walikutana wengi wanaorudi: mwenye kuku kwapani, mwenye ndengu juu ya punda, kila mmoja akimcheka mwenzake ili kuficha aibu yake mwenyewe. Nawaambia, hapo moyo wangu ulivunjika. Watu walikuwa wamekuja. Mimi ndiye niliyewarudisha, kisha nikawasema kwa kipaza sauti. Nililia kilio ambacho hata kwa mazishi ya baba sikukitoa.

Cucu alimvuta mbuzi karibu. Halafu akasema, "Sasa utalia mpaka mbuzi azeeke? Mfunge mahali."

Nikamfunga. Mtu wa makaa alipokuja, nilimwambia nyumba haiuzwi.

Tukaita harambee ya pili, mbuzi na kuku wakakaribishwa, nanyi mlikuwepo. Ua ulichafuka. Jogoo mmoja alinunuliwa akarudishwa mnadani, akanunuliwa tena akarudishwa, mpaka mnadi akaishiwa sauti. Watu wa Githongo waliposikia kuna mnada, walikuja wenyewe. Tuliezeka vyumba vyote viwili.

Lakini cucu hakuyaona mabati hayo. Tulimzika wakati fundi alikuwa bado juu ya paa. Na ngozi ya mama yake haitarudi. Watoto wa shule wakiuliza mbona pale ukutani pako wazi, nawaambia palikuwa na nini, na kwamba kiliharibikia mikononi mwangu. Kusema hivyo hakujawa rahisi.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukiomba msaada, usimchagulie mtu namna ya kukusaidia. Ukimfanya aone haya kwa alicho nacho, umemfukuza.

Nawashukuru watoto wa cucu, kamati iliyonivumilia, na mama yangu aliyeendelea kuniita. Asanteni mlionisamehe kabla sijaomba. Na wale ambao bado, nawaelewa. Nitangoja.