Nilivyovunja Mkono wa Fundi wa Jipu Yangu

Batata na bamama, baba zangu na mama zangu, asanteni kunipa nafasi. Mi sijui kuhubiri, najua kuendesha tu. Nikitamka neno vibaya mnivumilie, ni hili pengo la meno. Nitawaambia lilikotoka.

Mkono huu umepiga watu. Umepiga mchukuzi sokoni, umepiga mdogo wangu, umempiga mama wa watoto wangu mpaka akarudi kwao. Ninasema wazi kwa sababu ameketi pale nyuma, na ameniruhusu.

Kazi yangu ni kubeba watu, Kolwezi mpaka Dilolo, kwa jipu ya okazioni, gari la mtumba. Ile barabara mnaijua, vumbi lake unalitafuna. Jipu ilipofika kwangu ilikuwa imetumikia wengine miaka mingi, lakini moteri, injini yake, ilikuwa nzima. Mi nikaifanya punda. Maji ya radiatere yakipungua, nachota mtoni, natia. Mafuta ya moteri sikuyabadilisha hata siku moja, nilikuwa naongeza tu juu ya yale ya zamani.

Fundi wangu, pale Dilala, alinionya mara mbili.

"Tata, radiatere imejaa bulongo. Tuitoshe, tuisafishe. Na hii mafuta imekwisha kufa."

"Weye unatafuta tu kula," nikamjibu, abiria wameshaketi garini, kifuniko cha moteri bado kiko wazi. "Funga kapo. Niko na batu banangoya."

Asubuhi moja nikakodiwa kwenda Nzilo na abiria wanne. Moshi mweupe ukatoka mbele, moteri ikagonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, ikazima. Abiria wakashuka, wakapanda pikipiki. Mmoja alicheka. Kicheko kile, ndugu zangu! Lori likanivuta mpaka garaje, na njia nzima, nikiwa peke yangu kwenye usukani wa gari lililokufa, nilikuwa natafuta mtu wa kulaumu. Nilipofika nilikuwa nimeshampata.

Fundi akafungua kapo, akatazama, akasema polepole, "Njo ile nilikuambia."

Nikaokota chuma cha kufungulia magurudumu, nikampiga. Aliinua mkono kukinga kichwa. Nawaambia, mfupa ukivunjika unasikika. Niliusikia, na nikapiga tena.

Mafundi wenzake na vijana wa pikipiki za taxi-moto wakaniangukia. Walinipiga kwa minyororo, kwa tofali, kwa mateke ya kichwa. Meno matatu yalibaki kwenye mchanga ule wenye mafuta. Mmoja alikuwa ameshaleta bidoni ya esansi, petroli, nikaisikia harufu yake ikinimwagikia mgongoni. Ndipo sauti ikapasuka:

"Mumuache! Musimuue mu garaje yangu!"

Alikuwa fundi, amepiga magoti, mkono unaning'inia. Bila yeye, leo msingekuwa na mtu wa kumsikiliza hapa.

Nililala kasho, mahabusu ya polisi, wiki mbili. Wazee wa ukoo wangu wakaenda kwa fundi kuomba radhi, wakabeba na mbuzi. Fundi akamrudisha mbuzi.

"Alinivunja mukono," akawaambia. "Basi akuye. Mikono yake njo itatumika."

Hivyo nikawa mikono ya mtu niliyemlemaza. Yeye alikaa juu ya tairi kuukuu, plasta mpaka begani, akiniamuru bolti kwa bolti: "Tosha ile bulon. Hapana ile. Ya chini." Mkewe alipomletea chakula alitema mate karibu na kiatu changu. Siku nyingi nilikaza meno yaliyobaki nisimrukie mtu.

Tulianza na magari ya wateja, kisha zamu ya jipu yangu ikafika. Nilipofungua mafuta, yalitoka polepole kama lami. Kwenye filtre inayochuja hewa kulikuwa na udongo wa kutosha kupanda muhogo. Radiatere ilitoa matope ya mito yote niliyovuka. Kila nilichofungua kilinishtaki. Lakini, niwe mkweli, moyoni bado nilisema: fundi angenilazimisha.

Tulipomaliza, tukatoka kuijaribu, mimi na yeye. Hatukufika mbali, sindano ya joto ikapanda. Nikasimamisha, nikaruka chini, nikashika kifuniko cha radiatere kwa kitambaa.

"Achia!" akapiga kelele. "Ingoya ipole!"

"Usiniamuru!"

Nikakizungusha. Akanisukuma kwa bega lake zima, na maji ya moto yaliyokuwa ya uso wangu yakampiga shingoni. Alilia kama mnyama. Na mimi, ndugu zangu, ngumi yangu ilikuwa tayari juu! Kwa sababu nilisukumwa. Nilikuwa karibu kumpiga mtu ambaye ngozi yake ilikuwa inachubuka mbele ya macho yangu.

Ngumi ikakaa hewani. Sikujua niipeleke wapi.

"Leta maji ya baridi," akasema.

Nikammwagia, kidogo kidogo. Akapumua. Kisha akauliza, "Mukaba wa moteri, uliukaza sawa nilikuambia?"

Miaka yote ningesema mkanda ni mbovu, au hakunionyesha vizuri.

"Hapana," nikasema. "Sikuukaza. Ni mimi."

Nikalia pale barabarani, malori ya mgodi yakipita na kutufunika vumbi.

Huu ni mwaka wa tano jipu inatembea. Asubuhi, moteri ikiwa baridi, nafungua kapo, napima mafuta, natazama maji, nabonyeza mkanda. Nikirudi kutoka Dilolo, filtre inapulizwa kabla sijala. Mafuta yanatoka kabla hayajawa meusi. Na hasira ikipanda nyumbani, natoka, nasimama uani mpaka inapoa. Mama wa watoto wangu anajua.

Nawashukuru wazee. Namshukuru mke wangu, aliyerudi bila kunipa ahadi yoyote. Fundi hayupo hapa. Nilimwalika, akasema ana kazi. Vidole vyake viwili havikunjiki mpaka leo, na hajaniambia kwamba amenisamehe. Mi sijamuuliza. Lakini juzi alitandika gunia, akalala chini ya jipu, na kriki, ile jeki iliyoishikilia gari juu yake, mpini wake ulikuwa mkononi mwangu.

Wenye mikono kama yangu, najua mko hapa. Kitu kikiharibika, kabla hujamtafuta wa kumpiga, fungua kwanza utazame ulichokiacha bila kukitunza. Utaaibika. Aibika tu, haiui.

Nimemaliza. Nakaa.