Askari wa Damu ya Kinyozi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, chini ya dirisha lake. Kwa miezi mingi dirisha hilo lilikuwa limefungwa. Kinyozi aliacha kazi, akaacha kula, mwisho akaacha hata kusema. Alilala ameuelekea ukuta, dada yake akimlisha uji kwa kijiko. Daktari aliuita ugonjwa huo sonona. Dawa zilipogoma wakamlaza hospitali, wakawa wanampa usingizi wa dawa na kumpitishia umeme kichwani, mara moja, kisha tena, kisha tena. Sasa amerudi. Jana alimnyoa mtu huku akipiga mluzi, na ndiyo maana leo kahawa yetu inapoa mikononi.

— Mtu alikuwa kama maiti, leo anapiga mluzi, alisema Breki, dereva mstaafu. Mimi vinyweleo vilinisimama.

— Ni betri tu hiyo, akadakia Redio, ambaye hana kitufe cha kuzimia. Unagusisha waya, gari linawaka.

— Dereva hapa ni mimi. Betri usiitaje.

— Haya, dada mtu kasemaje? Redio akaniuliza.

Nikawaambia nilivyosikia kwake. Daktari alipima damu. Kinga ya mwili, wale askari wanaopigana na vijidudu, ilikuwa imewaka kana kwamba jamaa ana kidonda, na kidonda hakuna. Umeme ukipita, askari hushtuka kwanza, halafu siku zikienda wanatulia. Kama hiyo ndiyo inayoponya au ni kitu kingine, daktari alisema bado wanatafiti.

— Sasa mimi nimeelewa, Redio akasema. Askari waliasi. Umeme ukapiga risasi hewani, wakarudi kambini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Wahenga gani hao waliokuwa na umeme?

Nusu, anayeagiza nusu kikombe na kusema nusu ya wenzake, akainua macho.

— Walikuwa wanampiga nani?

— Kina nani?

— Hao askari. Kidonda hakuna, vijidudu hakuna. Mle ndani walimwona nani?

Breki akaweka kikombe chini.

— Labda majonzi, Breki akasema taratibu. Si alianza kuumwa alipomzika mama yake?

— Basi adui ndiye huyo, majonzi, Nusu akasema. Na kazi ya askari ni kukumbuka. Mtoto anachanjwa, damu inaweka sura ya adui miaka na miaka. Sasa wametulia. Wametulia kwa sababu kaondoka, au wameisahau sura yake?

— Nusu, kunywa kahawa yako.

— Maana kama wamesahau, yeye anaweza kuwa bado yumo. Kakaa tu, na hakuna anayemjua.

Redio alicheka peke yake, akaacha.

Mlango ukafunguka. Kinyozi akatoka na taulo begani, mashavu yamejaa, akatusalimu mmoja mmoja kwa majina yetu ya kijiweni. Tukasogea, akakaa katikati. Redio akammiminia kahawa.

— Ndugu zangu, nina swali, akasema. Daktari aliniambia kwa ule umeme mambo ya miezi ile yanaweza kupotea, mengine yatarudi, mengine basi tena. Dada ananiambia mama amefariki. Anasema jeneza nililibeba mimi, upande wa mbele. Mlikuwapo?

— Tulikuwapo sote, Breki akajibu.

— Nililia?

Breki alinitazama mimi, mimi nikamtazama Nusu. Nilikumbuka jua la siku ile, udongo mwekundu, jeneza likiyumba kwenye mteremko. Mahali pa uso wa kinyozi hapakuwa na kitu. Nikaona machoni mwa wenzangu kwamba nao wanatafuta palepale.

Kinyozi alisubiri kwa upole. Kisha akamrudishia Redio kikombe.

— Msihangaike, akasema. Nikikumbuka nitawaambia.

Akarudi ndani kwa mteja wake. Sisi tukabaki tumekaa, mabega yamegusana.