Mzee Ngollo, Aliyeitikia Salamu kwa Niaba ya Sinema

Baada ya miaka thelathini na mitatu kamili, Mzee Ngollo Lugembe anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Alianza kazi Julai mosi 1992 katika kituo chetu cha filamu na vitabu vya maarifa hapa Ng'ambo, Tabora, akiwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mwenye suruali moja ya kazi na maoni juu ya kila jambo. Suruali ilishachakaa zamani. Maoni yameongezeka.

Anayeandika wasifu huu ni Advera, mtunza vitabu wa kituo, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo, kumi na mmoja nimekuwa nikimsubiri arudishe kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kila nikimuuliza hunijibu kwa upole kwamba amebakiza sura ya mwisho. Sina kinyongo, lakini nimeona nilitaje jambo hili mapema ili lisije likasahaulika katikati ya sifa.

Kwa wageni wetu wasiojua, kazi ya Mzee Ngollo ilikuwa kupeleka vijijini filamu za maisha halisi, zile zisizo na ngumi wala wapenzi, zinazoeleza mambo kama bei ya asali, mirathi ya wajane, misitu na visima. Pamoja na filamu alibeba sanduku la bati lenye vitabu vya mambo hayohayo, ili aliyebishana na filamu mchana akaendelee kubishana na kitabu nyumbani kwake. Maonyesho yalifanyika kwenye maghala ya tumbaku, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia ili giza lipatikane. Ndani ya ghala la tumbaku hakuna anayeweza kukaa dakika tano bila kupiga chafya, kwa hiyo wilaya nzima ya Nzega imepata elimu ya uchumi huku ikijipangusa pua.

Onyesho lake la kwanza lilikuwa Lusu, na nusura liwe la mwisho. Filamu ilihusu visima. Ilipoanza tu, alitokea kwenye shuka jeupe tulilotundika ukutani mzee mmoja mwenye kofia, akawatazama watu usoni na kusema kwamba ana miaka sabini na miwili. Watu wa Lusu nyumbani kwao husalimiana mwangaluka, lakini mzee yule alikuwa akisema Kiswahili, basi ghala zima likampa shikamoo kwa heshima zote. Mzee hakuitikia. Aliendelea kueleza habari za pampu.

Walimsalimia mara ya pili, wakidhani hakusikia. Akaendelea na pampu. Hapo mama mmoja anayeitwa Tatu, wakati huo akiwa na miaka hamsini na mitatu, alisimama, akajifunga kanga vizuri na kutoka nje, na ghala zima likamfuata. Alimwambia Ngollo mlangoni kwamba mtu asiyeitikia salamu hawezi kuwafundisha kitu kuhusu maji, wala kuhusu kitu kingine chochote.

Mtumishi mwingine angefungasha vyombo. Ngollo aliwasihi warudi, akairudisha filamu mwanzo, na yule mzee alipotokea na kusalimiwa, Ngollo akaitikia marahaba kutoka nyuma ya projekta, kwa sauti nzito ya kizee. Kila mtu alijua ni yeye. Hakuna aliyejali, kwa sababu salamu ilikuwa imejibiwa. Kuanzia siku hiyo aliwaitikia wote waliosalimiwa kwenye shuka: wakulima, wafugaji, mabibi wa vikundi vya kuweka na kukopa, hata mtaalamu mmoja wa udongo ambaye kwa kweli alikuwa kijana ila ana upara. Sauti ile nzito mnayoisikia leo hakuzaliwa nayo. Aliivaa kwa ajili ya kazi, ikagoma kuvulika.

Tatizo lake lingine ni kwamba hakuwahi kuiacha filamu ijisemee. Kila baada ya dakika mbili aliisimamisha, akaifasiri kwa Kinyamwezi, akaikosoa, akaipigia kura, kisha akairuhusu iendelee. Filamu ya dakika ishirini na sita ilichukua saa tatu, na mara nyingi mafuta ya jenereta yaliisha kabla hadithi haijaisha. Filamu ya madalali wa asali ilizua makubwa zaidi siku ile mfugaji mmoja wa nyuki alipomwona dalali akicheka kwenye shuka, akavua kiatu na kumtupia. Shuka lilitoboka. Lilishonwa kiraka cha khaki, na tangu hapo kila mtu anayepita upande wa kushoto wa filamu zetu huonekana kama amebandikwa dawa shavuni.

Wala asidhani mtu kwamba yote yalikuwa mzaha. Leonia, mjane wa Lusu, aliangalia filamu ya mirathi, akaazima kitabu chake, na shemeji zake walipokuja kulichukua shamba aliwakalisha kwenye baraza la kijiji na kuwasomea ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka, hadi saa nane mchana. Shamba lile analilima mpaka leo, na kitabu alikirudisha kwa wakati, jambo ambalo baadhi ya wafugaji wa nyuki wangeweza kuliiga.

Mwaka 2009 alichaguliwa mfanyakazi bora akazawadiwa redio. Majirani zake wa Mtendeni wanasema anabishana nayo kila asubuhi. Dereva wetu Silasi naye ana kisa chake. Mzee Ngollo alikuwa amesoma kitabu kinachoeleza jinsi wapagazi kwenye njia ya zamani ya misafara walivyotua mizigo wakagoma hadi mkuu wa msafara alipokubali masharti yao. Wiki hiyohiyo gari likakwama kwenye tope karibu na Nzega, ikabidi jenereta libebwe begani. Baada ya hatua mia moja Mzee Ngollo alilitua chini, akamtangazia Silasi kwamba historia iko upande wake, akakaa juu ya jenereta. Silasi alitembea kilomita mbili kutafuta chai na vitumbua. Mgomo ukaisha.

Hata hivyo, mwaka huu hatukucheka sana. Uongozi ulishatamka kwamba kijiji kitakachoshindwa kujaza ghala kitaondolewa kwenye ratiba, na wazee wa Lusu wakaleta ujumbe mfupi: Ngollo akiondoka, nani ataitikia. Mrithi wake ni Levina, binti hodari kuliko sisi sote kwa mashine, lakini ana miaka ishirini na minne, na binti wa umri huo hawezi kuitikia shikamoo ya wazee wa watu hata akijificha nyuma ya projekta kumi. Mzee Ngollo alikonda. Alinieleza mwenyewe, akiwa ameegemea meza yangu, kwamba kustaafu hakumwogopeshi, ila anaumia akifikiria yule mzee wa visima anasalimiwa na ghala zima halafu panakuwa kimya. Nilitaka kumuuliza habari za kitabu, nikaona si wakati wake.

Mwezi Aprili tulijaribu teknolojia. Mzee Ngollo alirekodi marahaba yake kwenye simu ya Levina, simu ikaunganishwa na spika, na Silasi, ambaye hakuombwa msaada, akaiweka sauti ile iwe mlio wa simu ili ipatikane haraka. Siku hiyo filamu ilihusu mifugo. Fahali mmoja mkubwa alipojaa kwenye shuka, mama yake Levina akapiga simu, akapiga tena, maana ni mama asiyekata tamaa. Fahali akaitikia marahaba mara tisa bila kusalimiwa na mtu. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha wakaenda zao nyumbani, wakisema wao hawajafikia kupokewa salamu na ng'ombe.

Safari ya mwisho ilikuwa mwezi Mei, Lusu, kwa filamu ileile ya visima. Tulimkataza Mzee Ngollo kugusa mashine wala kufungua mdomo, tukamkalisha benchi la mbele katikati yangu na Silasi. Safari hii nilikwenda na mimi, nikidai nakwenda kuhesabu vitabu. Levina akawasha projekta. Mzee mwenye kofia akatokea, akasema ana miaka sabini na miwili, na ghala likasema shikamoo.

Pakawa kimya. Nilimwona Mzee Ngollo akishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Kwenye shuka mzee alikuwa anakaribia kuanza habari za pampu.

Ndipo watu walipogundua kwamba Bibi Tatu, yuleyule aliyeongoza watu kutoka nje mwaka 1992, safari hii hakusalimia. Alikuwa amekaa wima, anamkagua mzee wa kwenye shuka kama anayekagua mchele. Akasema taratibu, bila kumwangalia mtu: "Huyu alikuwa mkubwa wangu. Yeye kabaki na sabini na mbili zake, mimi nina themanini na sita. Sasa ni mdogo wangu, na mdogo wangu akisalimiwa mbele yangu, naitikia mimi." Kisha akaitikia marahaba kwa sauti ambayo hata spika ya Levina haijawahi kuitoa. Filamu ikaendelea. Akawaitikia wote waliofuata, kwa sababu Lusu nzima, ya kwenye benchi na ya kwenye shuka, hakuna tena aliyemzidi umri.

Mzee Ngollo alitokwa na machozi. Alisema ni tumbaku, lakini sikumsikia akipiga chafya. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuisimamisha, filamu ilifika mwisho kwa mara ya kwanza tangu tuipate. Tukashuhudia mzee mwenye kofia akisukuma pampu na maji yakitoka. Mzee Ngollo alinigeukia kwa mshangao. Kwa miaka thelathini na mitatu amekuwa akiwaambia watu kwamba mradi ule ulishindikana.

Lusu imebaki kwenye ratiba. Wiki iliyopita nilikuta juu ya meza yangu kitabu cha nyuki, kimefungwa kwenye gazeti, na alama ya kusomea iko kwenye ukurasa wa mwisho kabisa.

Mzee wetu, asante kwa kubeba, kwa kubishana, na kwa kutufundisha kwamba mtu anayeonyeshwa kwenye filamu ni mtu, anastahili kusalimiwa na kujibiwa. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na muda wa kufika mwisho wa kila ulichokianza. Utulivu wa redio yako tunauombea pia.

Baada ya chakula tutaangalia filamu ya dakika tisa aliyoitengeneza Levina kuhusu kazi yako. Inaanza na wewe mwenyewe, umesimama mlangoni mwa ghala, unatoa shikamoo kwa wakubwa wote watakaoiangalia, kisha unanyamaza kusubiri. Usihangaike wala usigeuke nyuma. Bibi Tatu amekuja na basi la asubuhi kutoka Nzega, na kiti chake kiko mbele.