Nilisema Nimepona Kabla Sijapona

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu. Naomba mniitikie kwa upole leo. Na kijana wa kinanda namwomba asubiri kwanza, asinipigie wimbo wa kushangilia mpaka nimalize.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Editha, fundi cherehani, kibaraza changu kiko karibu na soko hapa Lindi mjini. Nimezaliwa Rondo, nikashuka mjini baada ya mume wangu kufariki, nikiwa na mtoto mmoja, Tumaini, ambaye sasa yuko darasa la pili. Na wengi mnakumbuka kwamba mwaka jana nilisimama hapa mbele nikashuhudia kwamba Bwana ameniponya kifua kikuu. Mlipiga vigelegele. Wengine mlilia. Leo nimekuja kuusahihisha ushuhuda ule, kwa sababu haukuwa kweli, na kuna mtu aliumia kutokana nao.

Ndugu zangu, mimi napanga chumba kwenye nyumba ya Bi Mwanahawa. Tuko wapangaji sita, choo kimoja, bomba moja la uani. Chumba changu kina dirisha moja, na hilo dirisha nililipigilia mbao kwa kuogopa wezi, kwa sababu nalala na cherehani ndani. Joto la Lindi mnalijua. Tulikuwa tunalala humo mimi na mwanangu kama samaki kwenye ndoo iliyofunikwa, na mchana nakaa kibarazani navuta vumbi la vitambaa.

Kikohozi kilipoanza nikasema ni hilo vumbi. Nikanunua dawa ya maji dukani. Nikachemsha tangawizi. Mwezi ukapita, na wa pili. Nikawa naamka shuka limelowa jasho. Nikawa naipunguza kiuno sketi yangu mwenyewe, naishona, baada ya wiki mbili naipunguza tena. Wateja wakaanza kuweka kitambaa mezani na kurudi nyuma hatua mbili kabla ya kunieleza mshono. Siku niliyoona damu kwenye leso, nilifunga kibaraza nikaenda hospitali.

Walichukua makohozi, wakaniambia nirudi. Niliporudi, nesi alifunga mlango akakaa karibu nami.

"Dada, ni kifua kikuu. Kinapona. Dawa ni bure, utameza miezi sita, kila siku, hata ukijisikia mzima. Nani nyumbani atakuangalia ukimeza?"

Nikamtaja dada yangu.

"Anaishi na wewe?"

"Ndiyo."

Dada yangu yuko Rondo analima. Huo ndio uongo wa kwanza, na nilimwambia mtu aliyekuwa anataka nipone.

Nilimeza miezi miwili. Ndugu zangu, dawa zile zinafanya kazi. Kikohozi kilikatika, chakula kikawa kitamu, sketi ikaanza kunibana. Lakini dawa zile pia zinabadilisha mkojo, unakuwa mwekundu kama chai ya rangi. Choo chetu ni cha watu wa nyumba nzima. Nikawa naamka kabla ya wenzangu, namwaga maji ndoo nzima, nanusa, nachungulia, narudi ndani kama mwizi. Siku za kliniki nilikuwa nazunguka njia ya nyuma nisionwe na mteja nikiwa kwenye benchi la wagonjwa wa kifua. Nikachoka. Nawaambia ukweli mbele za Mungu: sikuacha dawa kwa imani. Niliacha kwa uchovu na kwa aibu, halafu nikaivalisha aibu yangu nguo ya imani.

Jumamosi nilitumbukiza vidonge vyote chooni. Jumapili mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Nikasimama. Nikasema, "Bwana ameniponya kifua kikuu, dawa nimeziacha, nimebaki na damu ya Yesu peke yake." Sikusema kwamba nilikuwa nimekunywa dawa miezi miwili na ndizo zilizonipa ile nguvu ya kusimama. Mlishangilia, na mimi nikafurahia kushangiliwa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuumwa, watu walinisogelea.

Korosho zilipoanza kuanguka, kikohozi kilirudi. Nikakificha. Hapa nawaomba msamaha wanakwaya wenzangu, maana niliendelea kuimba katikati yenu nikitafuna karafuu ili koo litulie. Nilikuwa najua. Nilikuwa nikipandisha sauti na nyinyi, na moyo unakimbia, najiuliza ni nani leo ninampulizia. Nikitoka hapa silali vizuri, nikishona mshono unapinda, nikiomba maneno yanaishia njiani. Nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba nimepona. Ningerudije hospitali?

Kilichonivunja ni Tumaini. Asubuhi moja anavaa soksi za shule akakohoa, akakohoa tena, akaniangalia akasema, "Mama, nakohoa kama wewe."

Nikambeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, nikaenda naye mpaka kwenye lile benchi nililokuwa nalikimbia.

Pembeni yangu alikaa mwanamke amejifunika khanga mpaka kichwani, mabega yamechongoka. Nilimsalimia bila kumtazama. Akaniita.

"Dada Editha."

"Abee."

"Hunikumbuki. Mimi Fausta, wa mihogo ya kukaanga pale stendi. Nakaa viti vya nyuma kanisani."

Nilishtuka. Fausta niliyemjua mimi alikuwa mama wa kujaza mlango. Nikamuuliza, "Umeanza kuumwa lini?"

"Zamani. Nilikuwa nameza dawa, zinanikubali. Nikaacha ile Jumapili yako."

"Jumapili yangu ipi?"

"Uliposema umepona na dawa umeacha. Nikajiambia, kama Mungu amemfanyia Editha, na mimi si mtoto wake? Nikafika nyumbani nikaziweka juu ya kabati."

Alisema bila hasira. Angenitukana, ningepata la kujibu. Tumaini alikuwa amenilalia begani, namsikia anavyopumua, na nikaona kwamba nikinyamaza tena hapa sitakuja kufumbua kinywa changu maisha yangu yote.

"Fausta," nikamwambia, "mimi sikuwa nimepona."

Akashusha khanga kichwani. "Na ulijua?"

"Nilijua sijamaliza dawa. Nilikwambieni uongo."

Akageukia ukutani. Jina lake likaitwa, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia bila kugeuka.

Ndugu zangu, siku hiyo ndipo Bwana alipoanza kunifungua, na kufunguliwa kwenyewe kuliuma. Mtoto alipimwa, hakukutwa na ugonjwa, akapewa dawa za kinga. Mimi kifua kikuu kilikuwa kimerudi, lakini kwa neema dawa bado zilikuwa zinakiweza. Fausta hakupata hivyo. Kwake ugonjwa umeshazoea zile dawa za kwanza. Amewekwa kwenye matibabu mengine, marefu, yanayomlaza kitandani siku nzima.

Nesi hakunifokea. Alifungua kadi mpya akasema, "Safari hii nataka mtu wa kweli. Anayeishi nyumba moja na wewe."

Nikarudi nyumbani nikamkuta Bi Mwanahawa uani anachambua choroko. Nilikuwa na hakika atanitoa kwenye chumba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Sikukaa. "Bi, nina kifua kikuu. Nilianza dawa nikaacha, sasa naanza tena, na wanataka mtu wa kuniangalia nikimeza."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Ukuta wako na wangu ni mmoja, Editha. Nimekusikia mwaka mzima. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Hutanifukuza?"

"Nikufukuze uende ukakohoe nyumba ya nani? Kwanza tuanze na hilo dirisha lako."

Alimwita fundi siku ileile. Mbao zikatolewa, ikawekwa nondo na wavu, na upepo wa baharini ukaingia chumbani kwangu. Wapangaji wote alituamrisha twende tukapimwe, na hakuna aliyebisha, maana Bi Mwanahawa habishiwi. Mmoja alikutwa nacho, kikiwa bado kichanga. Kwa ruhusa yake nasema hivi tu: alipata kwangu, na sasa anameza dawa.

Kila asubuhi miezi sita mama yule wa Kiislamu alikaa kwenye kigoda mbele yangu na kikombe cha uji. "Meza. Fungua mdomo. Haya, alhamdulillahi." Mimi nilikuwa nataka Mungu aniponye kwa siri, mimi na yeye tu, nesi asijue, jirani asijue. Mungu akakataa siri yangu. Alinipa nesi, akanipa dawa, akanipa Bi Mwanahawa, na vyote vilikuwa jibu la maombi yangu. Ni mimi niliyekuwa nalitupa jibu chooni.

Kwa Fausta nilikwenda mara ya kwanza, binti yake akaniambia mama amelala. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu nilimsikia mwenyewe kutoka ndani: "Mwache aingie, kuna mihogo ya kumenya." Nikamenya. Tangu siku hiyo kila Jumamosi namenya mihogo kwake, binti yake anaipeleka stendi kukaanga. Hajaniambia kwamba amenisamehe na mimi sijamsukuma aseme. Nilipomweleza kwamba nataka kusimama hapa, aliniambia hivi: "Nitaje jina. Usiseme 'dada mmoja'. Wasije wakafikiri ni hadithi."

Ndiyo maana nimemtaja. Mwombeeni Fausta, na mkienda kumwona mkae mlangoni penye upepo, mumpelekee mayai na maharage, maana anahitaji kula.

Mchungaji naye nilimwendea. Aliinamisha kichwa, akasema, "Dada, na mimi nina hatia. Nilipokea ushuhuda wako bila kukuuliza hata swali moja." Yeye ndiye aliyenipa nafasi hii, na ndiye aliyefungua madirisha yote ya kanisa mnayoyaona leo.

Sasa nimemaliza dawa zote. Makohozi yamepimwa, hayana kitu. Ningeweza kuishia hapa tukaimba. Lakini sina utulivu bado, ndugu zangu, na nitawaambia kwa nini.

Ile Jumapili ya ushuhuda wangu tulikuwa na wageni kutoka upande wa Kilwa. Mmoja wao, mama mwembamba wa kitenge cha njano, alinifuata nje baada ya ibada akanishika mikono yote miwili. Aliniuliza taratibu, "Kweli uliacha zote?" Nikamjibu, "Zote, mama." Akasema yeye ni wa Nangurukuru, akaondoka na wenzake. Jina lake sikuuliza.

Nimepanda basi mara mbili kwenda Nangurukuru. Nimepita kwenye vibanda vya chakula pale njia panda, kibanda hadi kibanda, nauliza mama mwembamba anayesali. Sijampata. Wiki ijayo nakwenda tena. Kama kuna mtu hapa anamfahamu, asingoje ibada iishe, aje aniambie sasa. Na kama mtakutana naye kabla yangu, mwambieni Editha alidanganya, mwambieni arudi kwenye dawa leo.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai niweze kuyasema haya. Mtegemeeni yeye kwa moyo wote, na vidonge vyake mvimeze mpaka cha mwisho. Kama upo hapa na umekohoa zaidi ya wiki mbili, usinifuate nikuombee wala usinisifu. Jumanne asubuhi nitakuwa kwenye lile benchi la hospitali, mbele kabisa, sijifuniki uso. Njoo ukae karibu yangu.