Asubuhi Jikoni Yangu Ilikosa Moshi

Bandugu wa shirika yetu ya kusali, muniachie dakika kidogo. Wengi banaokuja hapa mbele banatoaka ushuhuda juu ya pombe, ao juu ya ugonjwa. Mimi nakuja kuwaambia juu ya ukuta. Ukuta ya matofali, niliijengesha mimi mwenyewe, na karibu iniue.

Munanijua, mama mujane wa Bulengera mwenye sauti kubwa. Mais lakini mimi ni mutoto wa Kipese. Kule kuko baridi, na asubuhi kila mama anawasha moto mapema. Mama yangu alikuwaka anasimama inje, anaangalia mulima yote, jikoni kwa jikoni. Kama moja haina moshi, anajifunika kitambaa, anaenda kuuliza: "Kuko nini?" Hakuna mutu alimutuma. Kwetu ilikuwaka vile.

Bwana yangu na mimi tuliuzisha viazi na mboga ya poireaux miaka mingi, tukanunua parcelle hapa mujini. Tukajenga milango tatu, moja yetu, mbili ya kupangisha. Akakufa mbele ya kupigilia bati ya mwisho. Donc nikabaki bailleur, mwenye nyumba ya kupangisha, peke yangu, mimi mwenye sikukuwa nimepangisha hata kuku.

Na jikoni nilijenga moja tu, ya watu wote. Moto tatu chini ya bati moja, hapana ukuta katikati. Sikukuwa najua namna ingine ya kujenga jikoni.

Ile mwaka ya kwanza naikumbuka mupaka leo, na nikiikumbuka roho inaniuma. Mulango ya pili kulikuwa mwalimu na bibi yake. Mulango ya tatu, familia ya Waislamu wa Beni. Baba alikuwa anaendesha gari ya mizigo, Beni na Butembo, Butembo na Beni. Bibi yake mupole, na batoto batatu. Tulimuita Mama wa Beni. Mwenye chumvi imemuishia, alichota kwa jirani bila kuuliza. Batoto balikula kwa sufuria yenye imeiva ya kwanza, hata iwe ya nani. Mvua inapiga bati, majani ya sombe inachemuka, na sisi tunacheka vitu vya bure. Nilikuwa tajiri na hakuna mutu aliniambia.

Kisha ile jina ya bailleur ikanipanda kichwani. Nikaanza kukagua nani amefagia. Niliingia kwa mwalimu bila kubisha, nikamuonyesha namna ya kupanga viti vyake. Munacheka? Mucheke tu, ni mimi.

Siku moja ya Mungu, nimetoka kanisani, nikaleta nyama ya nguruwe, nikaiweka kwa moto. Mama wa Beni akatosha sufuria yake kwa moto pole pole, akaniambia: "Mama, mimi sikukataze. Uniambie tu mbele, nipike mapema."

Ni ile tu alisema. Mimi nikajibu kwa sauti yangu hii: "Hapa ni kwangu. Mwenye harufu inamusumbua, barabara ya Beni iko wazi." Akaangalia chini. Batoto yake balisikia.

Ndugu zangu, nawaambia, aibu yenye mutu hakubali inageuka hasira. Juma ile ile nikaita fundi. Akakata jikoni mara tatu, kila mutu na mulango yake na kifungio yake, sawa vyumba vya kuungamia, mais hakuna mutu aliungama. Makelele ikaisha. Chumvi pia ikaisha. Nilipika nikisikia mwiko yangu peke yake. Na bado sikutosheka: nikabapa watu wa Beni préavis, karatasi ya kuhama kisha miezi tatu. Baba akapokea ile karatasi kwa mikono mbili, akasema, "Asante, Mama." Angelinitukana, ningelilala muzuri.

Siku ya kuhama mvua ilianza mapambazuko. Vitu vyao ilikuwa tayari kwenye gari. Sikutaka kubaaga, nikaingia jikoni, nikafunga kifungio ndani. Chini kulikuwa majimaji. Muguu ikateleza, nikaanguka kwa nyonga, na kusimama ikakataa. Niliita. Mais mvua kwa bati, ukuta huku, ukuta huku. Niliita mwalimu. Niliita bwana yangu, mwenye alishakufa. Mama wa Beni sikumuita. Hata pale, kiburi ilikuwa bado inasimama, mwenyewe niko chini.

Kisha mvua ikapungua kidogo, nikasikia sauti yake inje: "Mama hayawasha moto leo. Saa hii moshi inakuwaka tayari."

Bwana yake akasema: "Twende, barabara itaharibika."

"Hapana. Siendi bila kujua kuko nini."

Kuko nini. Bandugu, mama yangu alikuwa amekufa zamani, na nikamusikia.

Mwalimu akavunja mulango. Baba akashusha meza, kabati, vyote, akaviacha kwa mvua, akabakisha godoro moja kwenye gari. Wakanilalisha pale. Njia yote mupaka hospitali Mama wa Beni alishika kichwa yangu kwa mapaja yake. Nikamwambia, "Unisamehe." Akajibu, "Nyamaza kwanza, Mama. Tutaongea tukifika."

Hatukuongeaka. Alikuwa analeta tu supu kila siku. Wakati nilirudi, vitu vyao ilikuwa tena mulango ya tatu, na ile préavis sijue nani aliwashia moto. Nikakaa kwa kiti, muguu imenyooka, tofali ya kwanza nikaitosha na mukono yangu. Ingine mwalimu alibomoa. Ile matofali tukaitengenezea kikao cha kukalia hapo jikoni, kingali mupaka leo. Nguruwe nikaijengea moto yake nyuma ya nyumba, na haikulalamika.

Tulikaa tena miaka ine. Kisha wakajenga kwao Beni, wakarudi. Siku ile nilibeba vitu vyao na mimi, nikalia mbele ya watu. Wapangaji wa sasa ni bazuri, mais hakuna mwenye anachota chumvi yangu.

Wasingya, asante, kwa mwalimu na bibi yake. Wasingya kwa ule baba na kabati yake yenye ililowa. Na ninyi wa shirika, mwenye mulinichotea maji zamu kwa zamu wakati wa ile muguu, sikusahau hata mumoja. Mwenye anajenga ya kupangisha, ajenge milango, ajenge choo, aweke hata portail ya kuingilia. Mais aache nafasi moja kwenye watu banaonana asubuhi.

Sasa kila asubuhi simu inalia kutoka Beni. Ni Mama wa Beni; hasemi bonjour. Anauliza tu: "Mama, moshi iko?" Najibu, "Iko," anakata.

Leo haikulia. Munajua Beni na vita yake. Nilikaa na simu mukononi mupaka chai ikapoa, kisha nikapiga mimi.

"Kwako, moshi iko?"

Kisha nikamusikia anakohoa, anacheka.

"Iko, Mama. Ni kuni tu ilikuwa mbichi."