Stamenka Aliyewaondoa Wafu Gazetini

Wasikilizaji wapendwa, vuteni kiti. Leo tunamkumbuka Stamenka Pejković, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka themanini na miwili. Kwa miaka thelathini na moja Stamenka alipokea tanzia katika gazeti letu, Glas Brezne. Ukifiwa, ulikwenda dirishani kwake na picha ya marehemu. Tanzia ya kifo, ya siku arobaini, ya mwaka. Na sisi wa Brezna, tusidanganyane, gazeti tunaanza kulisoma nyuma, kwa wafu. Waziri atasubiri.

Sasa, mnamkumbuka Ratko Vujasin? Mwenye yale machimbo ambako kifusi kiliwafukia wanaume watatu. Gazeti liliandika kwamba alikuwa ameonywa. Mwaka uliofuata manispaa ikatangaza inaliuza gazeti, na mnunuzi alikuwa nani? Ratko huyohuyo. Mkataba ungetiwa saini sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwanzoni mwa Novemba.

Tuliandamana. Tulipiga filimbi mpaka mashavu yakauma. Ratko akatutazama kutoka dirisha la manispaa, anakula burek, ule mkate wa nyama.

Stamenka hakupiga filimbi. Alikwenda kwa wafiwa, nyumba kwa nyumba. "Tuwaondoe wafu wetu," akawaambia. "Bandikeni milangoni, kwenye miti, kwa mwoka mikate. Gazetini hapana, mpaka huyu mtu atuache." Alijua anakata tawi alilolikalia. Akalikata.

Sikieni, wasikilizaji: tangu Agosti, hakuna tanzia hata moja. Ukurasa wa nyuma ukabaki mweupe, na gazeti likadoda vibandani. Ratko akamfuata Stamenka nyumbani.

"Mama, wafu hawasomi magazeti."

"Wanaowasoma ni sisi tulio hai, mwanangu. Kunywa kahawa yako, inapoa."

Oktoba, mumewe Žika akafariki. Mtaani wakaanza: "Haya, mkuki kwa nguruwe! Tuone sasa." Ratko akatuma salamu za pole, na ahadi: ukurasa mzima wa Žika, bure, na picha kubwa.

Binti wa Stamenka, Ljubinka, ametusimulia. "Nilimsihi. Nilimwambia, mama, umewaandika wafu wa mji mzima, baba tu ndiye akose? Akasema, 'Nikimweka baba yako, Mileva nitamtazama kwa macho gani?'"

Mileva ni mjane wa mmoja wa wale watatu. Mwezi uliotangulia alilinyima gazeti tanzia ya mwaka ya mumewe, kwa sababu Stamenka alimwomba.

Basi Stamenka akaketi jikoni, akaandika tanzia ya Žika kwa mkono. Moja, kumi, ishirini. Vidole vikakakamaa. Mileva akaingia bila kubisha, akamnyang'anya kalamu. "Sogea huko, mwandiko wako unatia aibu." Akaandika zilizobaki, huku wote wawili wanalia.

Siku tatu kabla ya sikukuu, Ratko akajitoa. Gazeti lisilofunguliwa na mtu lingemfaa nini? Tukachanga, tukalinunua wenyewe. Katika toleo letu la kwanza Stamenka aliwatanguliza wale watatu wa machimboni. Žika alimweka chini, pembeni. Ljubinka anakiri alinuna wiki nzima.

Jana tanzia ya Stamenka ilitoka. Saa tatu asubuhi gazeti lilikuwa limekwisha mji mzima. Ljubinka alizunguka vibanda vyote, hola. Akarudi nyumbani mikono mitupu, analia njiani. Kufungua mlango, akakuta magazeti sakafuni. Watu walikuwa wameyapitisha chini ya mlango, kila mmoja lake. Alihesabu kumi na moja.

Ljubinka, pole sana. Mileva, pole, maana nawe umefiwa. Mungu ampumzishe Stamenka mahali pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjazima redio, jiulizeni kama mngeweza kumnyima mpenzi wenu ukurasa ule, kwa ajili ya mjane wa mwingine. Mimi najiuliza tangu Jumanne. Nina shukrani tu, kwamba siku zile tulikuwa na Stamenka.